Nilivyogeuka ngumbaru wa chuo kikuu nikiwa na miaka 43

Mpenzi msomaji, siku ya kwanza nilipoingia darasani wanafunzi walisimama. Sikutanii. Ilikuwa Oktoba 2017, saa kumi na moja na nusu jioni, nami nimetoka zangu kazini Kurasini na gauni langu la kitenge, pochi begani, miwani puani. Vijana wakaficha simu. Mmoja aliyekuwa akitafuna karanga akameza na maganda yake. "Shikamoo madam!" wakasema kwa pamoja.

Nikaitikia marahaba. Kisha nikatembea taratibu mpaka kiti cha nyuma kabisa, nikakaa, nikatoa daftari. Kimya. Halafu darasa zima likaangua kicheko, na mimi mwenyewe nikacheka, maana ningefanyaje?

Dakika kumi baadaye akaingia mwalimu wa kweli. Kijana wa miaka thelathini hivi, shati kachomekea, viatu vimechongoka kama mtumbwi. Alipopita karibu yangu akainama kidogo. "Shikamoo mama." Ulimi ukaniponyoka: "Marahaba mwanangu." Kicheko cha pili, na hiki kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Tangu jioni ile tukawa na mkataba wetu, ingawa hatukuuandika popote. Nje ya mlango mimi ni mama yake na shikamoo yangu naipata. Ndani ya mlango yeye ni mwalimu, na nikivurunda ananipa sifuri yangu bila kupepesa macho.

Sasa utaniuliza, mama mzima mwenye watoto wawili alifuata nini chuoni usiku? Nitakwambia, wala sitaficha kitu, isipokuwa majina ya chuo na kampuni nayaweka kapuni.

Wakati huo nilikuwa na miaka 18 katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Niliingia kama karani wa kupiga chapa, nikapanda mpaka kuwa msimamizi wa nyaraka. Makaratasi ya forodha nayajua kama sala. Kidato cha nne nilimaliza mwaka 1992, stashahada nikaipata kwa kusoma jioni mwaka 2001, basi nikajiona nimefika. Mwaka 2016 wakatuletea kijana mwenye shahada yake mpya inayonukia wino. Mimi ndiye niliyemfundisha hati ya shehena ni ipi na ankara ni ipi. Baada ya miezi minane akawa bosi wangu.

Hakuwa kijana mbaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa akibisha hodi kabla ya kuniagiza kazi. "Mama, samahani, naomba unisaidie hii." Angekuwa na jeuri ningemchukia nikapumzika. Nikaenda kwa mkubwa wa kampuni kuuliza, na mimi je? Akanijibu kwa maneno manne tu: "Kazi unaijua, cheti huna."

Basi nikaapa. Mpango wa jioni pale chuoni ulimruhusu mtu mwenye kazi aende taratibu, achukue masomo machache kila muhula, amalize hata kwa miaka mitano. Mimi nikasema thubutu! Nina miaka 43, nikitembea kwa miguu nitafika uzeeni kabla ya kufika kwenye joho. Nikaomba masomo yote, sawa na wanafunzi wa mchana, nimalize kwa miaka mitatu. Mtaani kwetu Kimara wakapata jina la kuibatiza shahada yangu: shahada ya mwendokasi. Wengine wakaniita ngumbaru wa chuo kikuu.

Hilo la pili walidhani wananitukana. Hawakujua kwamba mimi nimezaliwa na ngumbaru.

Vijana wa siku hizi huenda hawalijui neno hili, kwa hiyo nifafanue. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baada ya hapo madarasa ya kufuta ujinga yakaenea nchi nzima, chini ya miembe, kwenye maghala, popote penye kivuli. Watu wakayaita ngumbaru, na anayesoma humo naye ni ngumbaru. Mama yangu aliingia mwaka 1982, kijijini kwetu Muheza, mimi nikiwa darasa la pili. Akirudi shamba saa tisa anaoga, anafunga kanga safi, daftari kwapani, mdogo wangu mgongoni, huyoo. Mimi nabaki na sufuria ya ugali iliyonizidi kimo. Kumbuka hiyo sufuria, tutairudia.

Nirudi chuoni. Wee acha tu! Wale wanaodhani mtu mzima anakwenda kupewa cheti cha huruma wajaribu. Darasani tulikuwa na askari, walimu wa shule za msingi, mhudumu wa benki, mama mmoja muuza dawa, na vijana waliokosa nafasi za mchana. Lugha yao ilinichukua mwezi mzima kuielewa. Desa ni notsi za kutoa kopi. Kupiga msuli ni kusoma mpaka jasho likutoke. Sapu ni mtihani wa kurudia, na kudisko, Mungu apishe mbali, si kwenda dansi, ni kufukuzwa chuo kwa kufeli. Siku ya kwanza kijana aliponiambia, "Mama, ukicheza na hili somo utadisko," nilimjibu kwamba muziki niliuacha nilipoolewa.

Adui yangu mkubwa aliitwa takwimu. Hesabu nilizikimbia mwaka 1992, nazo zikanisubiri kwa utulivu kabisa miaka 25. Kwenye testi ya kwanza nilipata nane kwa ishirini. Nilikunja ile karatasi mara nne nikaificha kwenye sidiria, nisije nikaonwa nayo nyumbani.

Aliyenitia moyo siku ile ni afande mmoja mstaafu, mwenzangu darasani, mwenye miaka 58. "Mama, tusione haya," aliniambia. "Mwaka 1974 chama kilikaa Musoma kikaamua kijana akitoka sekondari afanye kwanza kazi angalau miaka miwili, ndipo aende chuo kikuu. Kaka yangu alikwenda Mlimani akiwa na mke na watoto. Mtu mzima darasani si jambo la jana." Ni kweli. Na kisa chenyewe kina mkia wa kuchekesha: miaka michache baadaye wanawake ikabidi waruhusiwe kwenda moja kwa moja, maana idadi yao chuoni ilishuka. Si unajua nchi yetu? Mwache msichana asubiri miaka miwili, barua ya posa inafika kabla ya barua ya chuo.

Basi tukaunda kikundi cha majadiliano. Mimi, afande, yule mama wa dawa, na kijana mmoja wa miaka 24 ambaye takwimu kwake zilikuwa kama bao la mkono mmoja. Kipindi kikiisha saa mbili na nusu tunakaa kwenye meza ya muuza chipsi nje ya geti, chini ya taa yake, tunapiga msuli nusu saa. Sisi tunamlipia kijana chipsi, yeye anatulipa kwa hesabu.

Lakini mji una macho, shoga yangu. Wifi yangu mmoja alipita pale usiku akaniona nimeinamiana na kijana juu ya karatasi. Afande na mama wa dawa hakuwaona, ati! Habari ikasafiri kasi kuliko lori: mke wa dereva kapata Serengeti boy chuoni. Mume wangu kazi yake ni magari ya mizigo, Dar es Salaam hadi Lusaka. Habari ilimkuta Tunduma mpakani.

Hakunipigia simu. Jioni moja ya Februari 2018 nikainua kichwa kutoka kwenye jedwali, nikamwona amesimama upande wa pili wa meza, vumbi la safari bado liko kwenye nyusi. Moyo wangu ulianguka puu! ingawa sikuwa na kosa. Yule kijana, ambaye hajui hili wala lile, akainuka akampa kiti. "Shikamoo baba. Karibu. Tupo kwenye uwiano wa makosa hapa."

Baba watoto akakaa. Akaagiza chipsi mayai. Akala kimya akisikiliza dakika ishirini nzima, mama yule wa dawa akihema kwa hofu kwa niaba yangu. Mwisho akafuta mikono, akamwambia kijana, "Sasa mbona ukigawa kwa hiyo ya chini jibu linakuwa dogo? Nieleze vizuri." Akaelezwa. Njiani kuelekea nyumbani akaniambia neno moja tu: "Kumbe ni kugumu." Tangu siku hiyo umbea ule ulikufa, na kila akipita Dar anauliza habari za "mwalimu wangu wa takwimu".

Mpaka hapo, msomaji, kisa changu kinapendeza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikikisimulia hivyo msibani na harusini, watu wanacheka. Ningekuomba niishie hapa, lakini ningekuwa nimekudanganya.

Nikueleze jinsi shahada inavyopimwa. Kwa taratibu za vyuo vikuu vya nchi yetu, shahada ya kwanza ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na kila krediti ni kama saa kumi za kazi ya mwanafunzi, yaani kukaa darasani, kujisomea, majaribio na mitihani vyote pamoja. Kwa hiyo ni saa 3,600. Kwa mwaka 1,200. Ukigawa kwa majuma 52 bila likizo, ni saa 23 kwa juma.

Hesabu hiyo niliipiga mwenyewe mwanzoni kabisa, nikajisifu. Juma lina saa 168. Kazini 45. Njiani, Kimara kwenda mjini na kurudi, saa 15. Usingizi saa sita kwa siku, jumla 42. Masomo 23. Zinabaki saa 43. Nikasema, kumbe muda ni mwingi, watu ni wavivu tu! Nikawa nahubiri hivyo kwa mashoga zangu. Sikujiuliza hizo 43 zinafanya kazi gani, wala ni nani aliyekuwa akizifanya.

Dada wa kazi alikuwa ameondoka mapema mwaka 2018. Ada na mshahara wake vilikuwa vinagombana, ada ikashinda. Upatu nilioucheza kazini ulikwenda chuoni, vicoba vilikwenda chuoni. Nyumbani nikasema tutajipanga. Na kweli nilikuwa nikirudi saa nne usiku nakuta kila kitu kimejipanga. Chakula kimefunikwa, sare za mdogo zimefuliwa, ndoo zimejaa maji. Nakula, nafungua desa, nasoma mpaka saa sita. Nikawa namshukuru Mungu kwa nyumba inayojiendesha.

Msomaji, nyumba haijiendeshi.

Usiku mmoja wa Juni 2019 nilikuwa mezani, mtihani wa mwisho wa mwaka wa pili ni kesho yake asubuhi. Binti yangu mkubwa akaniletea chai. Alikuwa kidato cha nne. Akasimama. Nikamwambia asante, nenda kalale. Hakwenda. Akaweka karatasi juu ya kitabu changu.

"Mama, naomba uweke saini hapa."

Ilikuwa matokeo ya mtihani wa majaribio. Daraja la nne. Hisabati F. Mtoto aliyekuwa akishika nafasi za kumi bora kidato cha pili! Damu ikanipanda. Nikaanza, mpenzi msomaji, kwa maneno yaleyale ambayo mzazi yeyote angesema. Nakuhangaikia. Nalipa ada mbili, yako na yangu. Unaniona mimi, mtu mzima, natoka kazini nakwenda chuo, na sijapata hata sapu moja! Wewe unayeshinda shule siku nzima unafanya nini?

Alinyamaza mpaka nikamaliza. Hakulia wala hakunijibu kwa ukali. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa tu:

"Mama, na mimi nasoma jioni. Nikishaosha vyombo."

Akaenda kulala.

Nilibaki na ile karatasi. Nikaigeuza nyuma, penye nafasi nyeupe, nikaanza kupiga hesabu upya. Anatoka shule saa kumi. Sokoni, kupika, kumwogesha mdogo wake na kumsimamia kazi za shule, kufua, maji, vyombo. Saa nne kwa siku, kwa kukadiria kwa huruma. Mara siku saba, saa 28 kwa juma. Nikaitazama ile namba. Zile saa 23 zangu nilizokuwa nikijivunia mjini kote, aliyezilipa ni binti yangu, na chenji akaacha.

Ndipo nikaikumbuka ile sufuria ya Muheza.

Kesho yake nilifanya mtihani. Nilifaulu, tena vizuri, na alama ile mpaka leo sipendi kuitaja. Jumamosi nikapanda basi kwenda Muheza kumwona mama. Nilikuwa nimepanga nimwombe anipe moyo. Badala yake nikajikuta namuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza tangu utoto: "Mama, ulipokuwa ngumbaru mimi nikipika, hukuona vibaya?"

Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Nilikuwa nakwenda siku tatu," akasema. "Siku nyingine napika mimi na wewe unanisomea kitabu chako jikoni. Hukumbuki? Nusu ya herufi nimefundishwa na wewe." Kisha akaniuliza kama anauliza bei ya chumvi: "Wewe chuo unakwenda siku ngapi?"

Nikamwambia siku tano na Jumamosi.

"Haraka ya nini, mwanangu? Chuo kinahama?"

Mama yangu alianza ngumbaru mwaka 1982, na mtihani wa kitaifa wa kujua kusoma na kuandika akaushinda mwaka 1986. Miaka minne kwa herufi zile ambazo sisi tunazimaliza darasa la kwanza. Hakuna aliyemwita mwendokasi. Lakini mimi nilifaulu darasa la saba, na mdogo wangu alikua akijua kusoma kabla hajaanza shule, kwa sababu vitabu vya mama vilikuwa jikoni penye watu wote.

Jumatatu nikaandika barua chuoni kuomba kupunguza masomo, mwaka wa tatu niugawe mara mbili. Karani aliyeipokea aliisoma, akanitazama. "Mama, alama zako ni nzuri. Watu wanaoandika barua kama hii huwa wameshindwa." Nikamwambia hata mimi nimeshindwa, ila si hapa.

Usidhani ilikuwa rahisi. Nililia chooni kazini. Nilikuwa nimeshatangaza mwaka wa joho, wifi yangu alishaanza kuuliza sare ya sherehe. Na kazini nafasi moja ya ukuu wa kitengo ilikuwa ifunguke mwaka 2020, nami nilijua bila cheti inanipita. Ilinipita kweli. Akapewa mwingine, naye nikamfundisha kazi.

Nyumbani tukabandika ratiba ukutani, kwa kalamu nyekundu: Mama, Baba akiwepo, Dada, Mdogo. Kupika, maji, vyombo, sokoni. Baba watoto akapangiwa Jumapili anapokuwa hayupo barabarani, na pilau lake la dereva, lenye pilipili ya kumkesha mtu, likawa maarufu. Jioni mbili kwa juma sikwenda chuo, tulikaa watatu mezani chini ya taa moja. Binti yangu na hisabati zake, mimi na takwimu zangu, mdogo na tahajia. Siku moja akanionyesha njia fupi ya kutafuta wastani ambayo mwalimu wangu mwenye viatu vilivyochongoka hakuwahi kutuonyesha.

Novemba 2019 akafanya mtihani wa taifa. Matokeo yalipotoka, daraja la pili. Hisabati C. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja akidhani kuna harusi. Machi 2020 korona ikafunga shule na vyuo, meza yetu ikawa ndiyo shule na ndiyo chuo, mpaka vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni. Nilimaliza mwaka 2021. Nilikuwa na miaka 47, wa pili kwa umri darasani baada ya afande, ambaye naye alimaliza, tena akitembelea fimbo.

Mama alitoka Muheza kuja kuniona na joho. Nilipomkabidhi cheti hakukitazama juujuu kama wengine. Aliomba miwani yangu. Akaweka kidole chini ya jina langu akalisoma, herufi kwa herufi, kwa sauti, kama alivyofundishwa chini ya mwembe. Akafika kwenye mwaka akausoma nao. Kisha akanirudishia.

"Jina lako nimelisoma," akasema. "Hayo mengine ya Kizungu msome wenyewe."

Picha nyingi zilipigwa siku ile, lakini hiyo hakuna aliyeipiga.

Utataka kujua kama nililamba dume kazini. Nusunusu. Nilipandishwa ngazi moja, mshahara ukaongezeka kiasi cha kununulia samaki mara mbili zaidi kwa juma. Bosi wangu yule kijana alinipa mkono, akaniambia, "Hongera mama, sasa tuko sawa." Nikamjibu hapana, mwanangu, wewe bado hujapiga pilau la Jumapili.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, mwenye miaka yako 35, 40 au 50, unayewaza kurudi darasani: nenda. Njia siku hizi ni nyingi kuliko zamani. Chuo Kikuu Huria chetu kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kikaanza kazi mwaka 1993, makusudi kabisa kwa ajili ya watu wanaosoma huku wakiwa makwao na makazini. Usiogope umri. Mzee Kimani Maruge kule Eldoret, Kenya, aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, amevaa kaptula na soksi za shule. Wewe na mimi ni watoto wadogo.

Ila kabla hujajaza fomu, chukua karatasi upige ile hesabu ya saa 168, na mbele ya kila saa utakayoipata uandike jina la mtu anayekuachia. Ukiona jina moja linajirudia sana, mwite mtu huyo mkae chini mzungumze kabla ya muhula kuanza. Mimi nilichelewa kumwita wangu karibu miaka miwili. Alinisamehe, lakini kuna vitabu alivyopaswa kuvisoma miaka ile ambavyo mpaka leo anasema anavifukuzia.

Aliingia chuo kikuu mwaka 2022, wa mchana. Juma la kwanza alinipigia simu akicheka. "Mama, humu darasani kuna baba mmoja wa makamo, tumesimama tukidhani ni mwalimu!" Nikamwambia amsalimie shikamoo, kisha amuulize kama anahitaji msaada wa takwimu.

Ratiba bado iko ukutani. Nikiitazama hapa nilipo, leo vyombo ni zamu yangu, na vimejaa karo mpaka juu. Kwaherini.